Ving'ora Saba vya Koleo

Tarehe 3 Machi

Daftari hili si langu. Ni la mke wangu, anaandikia vipimo vya wateja wake, na ukiligeuza utakuta viuno na vifua vya nusu ya mtaa. Mimi naandikia kurasa za nyuma. Nimelichukua asubuhi hii alipokuwa anapiga mswaki. Shule niliiacha darasa la sita, mwalimu akashukuru na mimi nikashukuru, lakini jina la mwizi naweza kuliandika.

Mwizi mwenyewe ni Koleo, muuza vyuma chakavu wa pale kona. Miaka thelathini tunajuana. Mimi namtengenezea redio na pasi anazookota, yeye ananilipa kwa mizoga: simu zilizokufa, printa, mizani, oveni za umeme zilizoungua. Nachomoa vipuri, naunda vidude vyangu. Wazee wenzangu wana bao, mimi nina mizoga.

Juzi kanipa king'ora cha ndani ya oveni. Ni kiduara cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti, kazi yake duniani ni moja tu, kupiga kelele. Nimekiunga kwenye betri. Kimya. Nimeweka mita, mita inasema umeme unaingia. Umeme unaingia, sauti haitoki, kama yule karani wa ofisi ya maji ambaye mshahara unaingia na kazi haitoki.

Naandika ili siku ya kusutana niwe na ushahidi. Maiti wa kwanza huyo.

Tarehe 5 Machi

Mawingu. Niseme kwa nini nataka king'ora, asije mtu akadhani nimezeeka nachezea makelele.

Chumba cha kushonea cha mke wangu kiko nyuma, chini, karibu na mtaro. Masika ya mwaka jana maji yaliingia mchana sisi tukiwa mbele tunakula. Yalilowesha nguo za harusi za watu sita na yakaua mota ya cherehani. Bibi harusi alikuja kulia hapa mlangoni na mama yake akalia kuliko yeye. Mke wangu alikaa miezi minne bila kazi.

Leo kanisimamia mbele.

"Wewe mzee, nakwambia mapema. Masika haya maji yakigusa cherehani yangu, nahamia kwa dada yangu. Na cherehani, na sufuria."

"Na mimi?"

"Wewe si una mizoga yako."

Nikamwambia atulie, nitaunda kitu. Nitapigilia misumari miwili kwenye ubao, niuweke mdomoni mwa mtaro. Maji yakipanda yakagusa misumari yote miwili, umeme unavuka, transista niliyoitoa kwenye redio ya zamani inaamka, king'ora kinalia, tunakimbia kunyanyua cherehani. Kitu cha siku mbili. Nimebakiza king'ora tu.

Tarehe 8 Machi

Koleo kanipa cha pili, kutoka kwenye mizani ya dukani. Kimekufa. Maiti wa pili.

Tarehe 9 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linapiga ngoma, huwezi hata kujisikia ukitukana.

Tarehe 13 Machi

Cha tatu, cha saa ya mezani. Nimejifungia kibandani mwangu nikakiunga polepole, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kama namvisha mtoto shati. Kimya kabisa. Nikakitukana mpaka jasho likanitoka. Mkamwana wangu akafungua mlango kuniletea chai, akaona ninavyotukana, akaweka kikombe chini na kuziba masikio kwa mikono miwili. Mwanamke huyo! Ana miaka mitatu ndani ya nyumba hii na bado matusi yangu yanamuumiza. Tena ndiye huyohuyo anayenipita kila asubuhi pale uani bila salamu. Midomo inacheza kidogo, basi, amepita. Nilimwambia mwanangu kabla hajaenda safari na lori lake, "Mkeo hana adabu." Akasema, "Baba, mbona anakuamkia?" Ndoa humtetea mtu hata kwenye uongo.

Tarehe 14 Machi

Mvua. Mbwa wa jirani anabweka mbele ya kibanda changu kila nikifanya kazi. Naye nimemwandika.

Tarehe 20 Machi

Nilikuwa najaribu cha nne, cha kengele ya mlango. Mke wangu akapiga kelele kutoka chumba cha kushonea, "Zima hicho kitu, kinanikata kichwa!" Nikazima redio. Akaita tena, "Nimesema zima!" Nikamwambia redio nimeshazima, atafute ugomvi mwingine. Akaja, akaitazama meza yangu, akanitazama mimi usoni kwa muda mrefu, halafu akachomoa betri mwenyewe na kuondoka. Hivyo ndivyo ninavyoheshimiwa. Kidude kimekufa na bado ananichomolea betri.

Tarehe 21 Machi

Sina la kuandika. Nimevimba.

Tarehe 27 Machi

Cha tano, cha printa. Cha sita, cha simu ya mezani. Wamekufa wote. Nimewapanga kwenye kibati cha biskuti wakiwa na namba zao migongoni.

Sasa nimeelewa mchezo wake. Vizima anawauzia wale vijana wenye duka la vipuri, mimi ananitupia vilivyooza, maana anajua mzee hana pa kwenda. Redio zake nimezitengeneza tangu mabega yangu yakiwa bado mabega! Mwaka ule alipovunjika mguu nani alimfungulia duka wiki tatu? Ningekuwa naiba ningeiba wakati ule.

Siku hizi hata kuongea anatafuna maneno. Watu wote wa mtaa huu wanatafuna maneno, lakini yeye amezidi.

Tarehe 2 Aprili

Mtaro umejaa nusu. Mke wangu ameuona. Ameweka cherehani juu ya tofali mbili. Tofali mbili hizo zimenitukana kuliko maneno.

Tarehe 9 Aprili

Leo imekuwa leo.

Asubuhi Koleo alinipa cha saba, cha mashine ya kufulia. "Fundi, hiki ni moto," akasema. "Hiki kitaamsha makaburi." Nimekwenda nacho nyumbani, nimekiunga kwenye mtambo wangu ukutani, juu ya kiti changu, nikalowesha misumari kwa kikombe cha maji. Transista imeamka, mita imeruka. King'ora kimya kama jiwe.

Nikabeba kibati changu na maiti sita, wa saba nikamwacha palepale ukutani, nikaenda kona. Koleo alikuwa na wateja watatu: mama muuza mkaa, fundi baiskeli, na mwalimu mstaafu anayetafuta kitasa kila siku na hanunui. Vizuri. Nikamwaga maiti wote juu ya meza yake.

"Haya," nikasema, "zika watu wako."

"Vina nini, fundi?"

"Unaniuliza mimi? Vimekufa! Vyote! Umeniuzia makaburi!"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi. Akachukua betri, akachukua namba tatu, akagusisha waya. Akanitazama. Mimi nikamtazama. Wale watatu wakakunja nyuso, mama wa mkaa akacheka.

"Si hicho kinalia?" Koleo akasema.

"Kinalia wapi?"

Akachukua namba tano. Akagusisha. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akashika sikio, mchezaji mzuri sana yule mzee, angeenda kwenye maigizo.

"Na hiki, fundi?"

"Koleo, unanifanya mtoto?"

Akaviweka chini. Akaja karibu, akapunguza sauti, na kupunguza kwenyewe kukanilazimisha niangalie midomo yake. "Kaka," akasema, "vidude vizima. Labda ni masikio yako."

Nilisikia damu ikipanda kutoka kwenye visigino. Masikio yangu! Masikio haya yaliyokaa karakana ya reli miaka ishirini na sita! Injini ikiumwa, mimi nilijua kwa kusikiliza tu, injinia mwenye digrii anakuja kuniuliza. Leo mtu wa vyuma chakavu ananiiba, akikamatwa anasingizia masikio yangu. Nikasema nilichosema. Nikamwita mwizi, nikamwita tapeli, nikataja na jambo la marehemu baba yake ambalo halikuwa lazima. Koleo akakusanya ving'ora vyake kimoja kimoja, akaviweka kwenye droo.

"Usirudi hapa," akasema. Hilo nililisikia vizuri sana, nani aseme sisikii?

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Nilitaka achukie pamoja nami, ndiyo kazi ya mke. Akaendelea kukata kitambaa.

"Twende hospitali wakakuangalie masikio," akasema.

"Koleo kakuhonga nini?"

Mkasi ukasimama. "Miaka mingapi nakaa upande wako wa kushoto tukila, umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Kwa sababu kulia kuna dirisha na wewe unapenda kivuli."

Akacheka, kile kicheko chake kisicho na furaha ndani, akarudi kwenye kitambaa. "Haya, mzee. Mimi nimeshaacha kubishana."

Kumbe wote ni kundi moja. Nimeandika majina.

Tarehe 10 Aprili

Mvua.

Tarehe 11 Aprili

Mvua. Hakuna aliyenisemesha. Nami sikumsemesha mtu.

Tarehe 15 Aprili

Nimeokota printa jalalani mwenyewe. Nimelowa mpaka soksi. Simhitaji Koleo, jalala halina midomo ya kunitukania masikio.

Tarehe 18 Aprili

Ndani ya printa mlikuwa na mchwa. Nimeutukana mchwa vizuri, umesikiliza kuliko watu.

Namba saba bado nimemwacha ukutani na waya zake zote, na ubao wa misumari uko mdomoni mwa mtaro. Sijamtoa kwa sababu nikimtoa nitakuwa na mtambo usio na kichwa. Akae pale kama picha ya marehemu mpaka nipate kilicho hai.

Tarehe 22 Aprili

Naandika jioni.

Mvua ilianza alfajiri na haikukata. Saa nne mke wangu akatoka na mwavuli kupeleka sare za wanafunzi. Mkamwana alikuwa amekwenda kliniki. Nilibaki peke yangu, nikaingia kibandani, nikawasha chuma changu cha kuchomelea, nikaanza kung'oa vipuri kwenye printa ya mchwa. Mgongo wangu kwenye ukuta, namba saba juu ya kichwa changu, mkono mmoja tu kutoka hapa. Bati linapiga ngoma. Mbwa wa jirani anabweka mpaka anakaukiwa.

Sijui muda gani ulipita. Niliinua macho kutafuta koleo la kukatia waya, nikamwona Koleo mtu.

Alikuwa uani, suruali imelowa mpaka magotini, na mikononi amekumbatia cherehani ya mke wangu.

Hapo akili yangu haikupita mahali popote pengine. Nilijua, mwizi leo amekuja mpaka ndani! Wiki mbili nimewaambia watu hawataki kunisikia! Nikatoka na chuma cha kuchomelea mkononi, waya ukachomoka ukutani, chuma chenyewe bado cha moto.

"Mwizi! Mwizi wa mchana!"

Midomo yake ilikuwa inafanya kazi. Sikusikia hata neno. Mvua na hasira vilikuwa vimejaa kichwani. Nikashika cherehani upande mmoja nivute, yeye akavuta upande wake. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyetu na mimi hata hilo sikuliona, nimeliandika sasa ndiyo naliona. Hakuiachia. Nikampiga na chuma mkononi, juu ya kiwiko. Nikasikia harufu ya ngozi. Hakuiachia. Mtu wa miaka sitini na nane, ngozi inaungua, na amekumbatia cherehani kama anambeba mgonjwa. Akazunguka, akaipandisha juu ya meza ya barazani, kavu, akaweka turubai juu yake. Ndipo akashika mkono wake na kukaa chini kwenye maji.

Mke wangu akaingia getini wakati huohuo. Majirani walikuwa nyuma yake, watatu wanne, hata fundi baiskeli. Wote walikuwa wamekuja mbio. Nikajiuliza wamekujaje, mimi nimepiga kelele sekunde tano tu.

Mke wangu akatazama chumba cha kushonea: maji yamevuka tofali mbili. Akatazama cherehani: kavu. Akatazama mkono wa Koleo. Halafu mkono wangu.

 Alinishika kanzu kifuani kama polisi, akanivuta mpaka kibandani, akachukua kidole changu cha shahada na kukigandamiza juu ya namba saba.

Kilikuwa kinatetemeka. Kwa nguvu, bila kupumzika, kama nzi aliyefungiwa kwenye kiganja. Nikamtazama mke wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na midomo yake imekaa kwenye sikio langu la kushoto.

"Kinalia tangu saa nne na nusu," akasema. "Mtaa mzima unakisikia."

Tarehe 23 Aprili

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Niliandika ushahidi, kweli. Mkamwana aliziba masikio ya nini, mke wangu alichomoa betri gani, mwalimu alirudi nyuma kwa nini, mbwa alikuwa anambwekea nani. Mwizi nimemwandika kwa mkono wangu mwenyewe kurasa kumi na moja, na kila ukurasa jina nimekosea.

Mke wangu kanieleza mengine leo, kwa sauti kubwa, akihesabu kwa vidole. Sauti nene nazisikia, nyembamba hazinifikii. Miaka minne sasa. Alijua kuwa siwezi kuambiwa. Kwa hiyo alikwenda kwa Koleo baada ya ugomvi wetu, akamwomba: "Shemeji, kitu chake kinafanya kazi. Kikilia na mimi sipo, tafadhali nenda wewe. Yule hatasikia." Na Koleo, niliyemtukania baba yake, akasema atakwenda.

Mkamwana naye. Kumbe kila asubuhi, miaka mitatu, "Shikamoo baba." Kila asubuhi. Leo nimemsubiri uani, nikaangalia midomo yake, nikaitika "Marahaba" mapema mno, kabla hajafungua mdomo. Akaangusha ndoo.

Bado nina hasira. Zamani nilikuwa na Koleo wa kumpelekea. Leo nimewaka tangu asubuhi na sina mlango wa kugonga. Nani aliyachukua masikio yangu? Aliingia saa ngapi? Angeniibia redio ningejua siku hiyohiyo.

Tarehe 24 Aprili

Duka la Koleo limefungwa. Amekwenda kufungwa bandeji.

Tarehe 25 Aprili

Limefungwa. Mke wangu hajahama, cherehani ni kavu. Lakini ameniwekea chakula bila kukaa. Anasema, "Nitakaa ukishakwenda kwa Koleo."

Tarehe 28 Aprili

Duka limefunguliwa. Nimekwenda saa tano, mvua ikiwa imekata kidogo. Nilipanga kuingia pasiwe na mtu. Nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka viatu vikanyonya maji yote. Kila mteja akitoka mwingine anaingia.

Koleo aliniona tangu mwanzo. Hakuniita. Mwishowe nikavuka.

Mama wa mkaa alikuwapo, na wengine wawili nisiowajua. Mkono wa Koleo umefungwa kuanzia kiwiko. Nikamsogelea kwa karibu, nikaanza kusema taratibu.

"Sisikii," Koleo akasema.

Nikarudia.

"Sisikii, fundi. Siku ile ulinitukana kwa sauti gani? Tumia ileile."

Huyu mtu ni mbaya. Nimeshasema ni mbaya na sifuti. Damu ikapanda, visigino, magoti, kifua. Nikatazama ile bandeji. Nikapiga kelele mpaka fundi baiskeli akatoka kwake:

"Koleo si mwizi! Ving'ora vyake ni vizima vyote saba! Mimi ndiye kiziwi! Na baba yake alikuwa mtu mwema, nilimtukana bure! Umetosheka, mbwa wewe?"

Mama wa mkaa akapiga makofi. Koleo akanitazama, akajikuna juu ya bandeji.

"Mbwa iondoe."

"Mbwa inabaki."

Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu. Nikakaa. Wateja waliingia na kutoka, mimi nikitazama midomo yao kama mtu anayejifunza kusoma upya. Sikuomba kidude chochote. Yeye hakutoa.

Halafu akanigeukia, akainamisha kichwa karibu, akaanza kunieleza jambo. Midomo inakwenda, mkono mzima unaonyesha hapa na pale, nyusi zinapanda, jambo zito kabisa. Sikupata hata herufi moja. Nikakaza macho. Nikasogeza sikio la kushoto. Akaendelea, akanyanyua kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni. Ndipo nikamwona mama wa mkaa kajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtetemeka, na wale wengine wawili wameshika tumbo.

Hakuwa anatoa sauti. Mwanaharamu yule alikuwa anachezesha midomo mitupu.

Nikasubiri amalize. Nikamwachia atue kabisa, akunje mikono, anitazame kama anangoja jibu. Nami nikafungua mdomo wangu, na kwa midomo tu, polepole, bila sauti hata chembe, nikamjibu tusi refu kuliko yote niliyowahi kumtukana maishani.

Alilielewa lote.